Motokaa Mbovu Mbele ya Sheria za Jirani

Katika bandari ya Kilindini, Mombasa, meli za magari hutia nanga na kushusha motokaa kutoka Japani ambazo zimekwisha kutumika miaka kadhaa mikononi mwa watu wengine. Baadhi hubaki Kenya. Baadhi huendelea na safari ya barabara hadi Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo, kama vile zile zinazoshushwa Dar es Salaam zinavyokwenda Zambia, Malawi, Burundi na Lubumbashi. Rangi hung'aa, viti hunukia sabuni, na saa ya kuhesabu kilomita huonyesha tarakimu za kupendeza. Mwenye kuinunua mara nyingi ni mwalimu, mwuguzi au mwenye duka dogo, aliyekopa katika chama cha kuweka na kukopa, na mkopo huo utakatwa katika mshahara wake mwezi kwa mwezi, iwapo motokaa inatembea au imewekwa juu ya mawe.

Je, sheria inamwambia nini mtu huyo pale gia zinapokufa kabla ya mwezi kwisha? Jibu la swali hilo lina historia ndefu, na historia hiyo haikuanzia Nairobi, Kampala wala Kinshasa.

Ilianzia sokoni. Katika Roma ya kale, mahakimu waliosimamia masoko walitoa amri kuhusu uuzaji wa watumwa na wanyama wa kazi. Mwuzaji alitakiwa kutamka wazi ugonjwa au kasoro ya yule anayeuzwa, na iwapo ni mtumwa, kutamka kama ana tabia ya kutoroka. Akificha, mnunuzi alikuwa na miezi 6 ya kurudisha alichonunua na kudai fedha zake, au mwaka 1 wa kudai apunguziwe bei. Amri hiyo ilihusu biashara ya kinyama ya kuuza binadamu, na hakuna wa kuisifu kwa hilo. Lakini hesabu yake ya miezi ni jambo la kukumbukwa, kwa sababu karne nyingi baadaye watunga sheria wengi walishindwa kumpa mnunuzi wa motokaa hata siku zinazohesabika.

Uingereza haikuifuata njia hiyo. Mahakama zake kwa muda mrefu zilishika kanuni isemayo kwamba mnunuzi na ajihadhari mwenyewe: ana macho, na aangalie, akidanganyika bila mwuzaji kusema uwongo, shauri lake. Kanuni hiyo ilifaa gulio la kijiji ambako mtu humfungua ng'ombe kinywa akahesabu meno. Haikufaa tena katika zama za viwanda, ambapo kasoro imo ndani ya chuma. Taratibu majaji walianza kuilegeza, na mwaka 1893 Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyoandikwa na mwanasheria Mackenzie Chalmers. Wakati huo motokaa ilikuwa bado haijaonekana katika barabara za Uingereza, na sheria hiyo ilikusudia hasa wafanyabiashara wanaouziana shehena za nafaka, mbao na nguo. Hata hivyo, ndiyo iliyokuja kuwa ngao ya kwanza ya mnunuzi wa motokaa katika nusu ya dunia, Afrika Mashariki ikiwamo.

Sheria hiyo ilisema mambo matatu yaliyo makubwa. Kwanza, mwuzaji lazima awe na haki ya kuuza. Pili, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Tatu, mwuzaji ambaye kazi yake ni biashara hiyo lazima atoe bidhaa yenye ubora wa kuuzika, na ikiwa mnunuzi amemwambia anaitakia kazi gani, basi iifae kazi hiyo.

Kabla ya hapo Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo wakoloni waliihamishia pwani hii pamoja na rupia na makarani. Kuanzia miaka ya 1930 sura yake iliyohusu uuzaji wa bidhaa ilibadilishwa, na maneno ya mwaka 1893 yakanakiliwa karibu neno kwa neno katika sheria za makoloni haya. Sheria ya Kenya ilianza kutumika mwaka 1931, na ya Uganda mwaka 1932. Zambia haikujisumbua hata kunakili. Ile ile ya Uingereza ya mwaka 1893 ndiyo iliyotumika. Hivyo hukumu iliyotolewa London juu ya motokaa ya Mwingereza ikawa inasomwa na wakili wa Kisumu au Jinja kama jambo lililotokea nyumbani. Hukumu hizo zinastahili kuangaliwa, maana ndizo zinazotajwa mpaka leo katika mahakama za jirani.

Mwaka 1923 lilikuwako shauri la mnunuzi aliyetoa paundi 334 kwa motokaa ambayo, baada ya miezi kama minne ya matumizi, ilichukuliwa na polisi kwa kuwa ilikuwa ya wizi. Mwuzaji mwenyewe hakujua. Alijitetea kwamba gari limekwisha kutumika miezi yote hiyo, basi angalau sehemu ya fedha ibaki kwake. Mahakama ya Rufani ilikataa: mnunuzi alilipa ili apate umiliki, na umiliki hakuupata hata siku moja, kwa hiyo arudishiwe fedha zote. Katika eneo hili ambalo gari lililoibwa katika mji mmoja laweza kuuzwa ng'ambo ya mpaka likiwa na namba nyingine na karatasi safi, hukumu hiyo ina thamani kubwa kuliko inavyofahamika.

La pili ni la mwaka 1967. Mtu mmoja alitangaza gazetini kwamba anauza motokaa aina ya Herald ya mwaka 1961. Mnunuzi alikwenda, akaiona, akaipanda, akailipia paundi 160. Baadaye fundi alipoiinua aligundua kwamba hiyo si motokaa moja bali ni mbili: nusu ya nyuma ilikuwa ya mwaka 1961, na nusu ya mbele ya gari la zamani zaidi, zikiwa zimeunganishwa katikati kwa kuchomelewa, tena vibaya. Mwuzaji hakuwa mfanyabiashara wa magari, bali mtu wa kawaida, naye hakujua siri hiyo. Kwa hiyo lile sharti la ubora halikumgusa. Lakini sharti la maelezo humgusa kila mwuzaji. Aliandika 1961, akatoa ambayo si ya 1961 yote. Mnunuzi alishinda, ingawa aliliona gari kwa macho yake kabla ya kulipa.

Jambo hilo laonyesha tofauti ambayo watu wengi wa Nairobi na Kampala hawaitambui wanaponunua gari la jirani yao kazini. Mwuzaji asiye mfanyabiashara hawajibiki kwa ubovu wa injini, ila kama amesema uwongo au ametoa ahadi. Huwajibika kwa maneno aliyotumia kulieleza gari: mwaka wake, aina yake, ukubwa wa injini yake. Kwa hiyo tangazo la gazeti, au karatasi aliyoandika dalali kwa mkono, ni hati ya ushahidi, na mwenye kuitupa baada ya kukabidhiwa ufunguo ametupa nusu ya kesi yake.

Wauzaji nao hawakulala. Waliposikia kwamba sheria inaweka masharti yasiyotamkwa, walichapisha mikataba yenye maandishi madogo yanayoyafuta. Sheria ya mwaka 1893 iliwaruhusu, kwa hoja kwamba watu wawili wazima wako huru kupatana wapendavyo. Uhuru huo ulikuwa wa upande mmoja, kama ulivyo uhuru wa mbuzi kupatana na chui juu ya matumizi ya zizi. Mwaka 1956 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilipata kusikiliza shauri la motokaa aina ya Buick iliyonunuliwa kwa malipo ya polepole. Mnunuzi aliikagua ikiwa nzima. Siku ya kukabidhiwa, ilivutwa usiku kwa kamba ikaachwa mlangoni pake. Kulipokucha aliikuta haina redio, matairi mapya yamebadilishwa na kuwekwa makuukuu, silinda hedi imefunguliwa, valvu zimeungua na pistoni mbili zimevunjika. Kampuni ya mikopo ilimdai alipe, ikionyesha kifungu cha mkataba kilichosema kwamba hakuna sharti lolote kuhusu hali ya gari. Jaji Denning na wenzake walikataa kukitumia kifungu hicho: kilichokabidhiwa si kile kilichoafikiwa, maana gari lisiloweza kujiendesha halina haki ya kuitwa kwa jina hilo.

Majaji wa baadaye waliipunguza nguvu hoja ya hukumu hiyo, wakisema kwamba kila mkataba utafsiriwe kwa maneno yake. Bunge la Uingereza ndilo lililoziba ufa, kwa sheria za mwaka 1973 na 1977, kwa kukataza vifungu vya namna hiyo dhidi ya mnunuzi wa kawaida. Nchi za Afrika Mashariki wakati huo zilikuwa huru, hazipokei tena marekebisho ya London, na hazikuwa zimetunga ya kwao. Hapa ndipo jirani walipoachwa nyuma. Walibaki na maandishi ya mwaka 1893 ambayo mwenyewe aliyeyaandika alikuwa akiyatengeneza upya. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ambayo ingeweza kujenga kwa hukumu zake kanuni moja kwa nchi hizi, nayo ilikufa pamoja na Jumuiya mwaka 1977.

Kenya ilikuwa imepitisha mwaka 1968 sheria ya kununua kwa malipo ya polepole, na hiyo ilikuwa hatua njema, kwani katika biashara hiyo mwenye gari kisheria ni kampuni ya fedha, ambayo pengine haijaliona gari hata mara moja, na mwenye gereji anayelisifu si mwenye mkataba. Kwa wanaolipa taslimu, ambao ndio wengi, hapakuwa na badiliko.

Kuna kasoro nyingine ya sheria ile kongwe ambayo madhara yake ni makubwa kuliko maandishi madogo, nayo ni suala la muda. Sheria yasema kwamba mnunuzi aliyeipokea bidhaa hawezi tena kuirudisha. Haki yake hushuka ikawa ya kudai fidia tu. Na huhesabiwa ameipokea akikaa nayo kwa muda wa kadiri bila kusema kitu. Muda wa kadiri ni siku ngapi? Sheria haisemi. Mwezi Desemba 1984 mnunuzi mmoja Uingereza alichukua motokaa mpya aina ya Nissan Laurel kwa takribani paundi 8,000. Alikuwa mgonjwa, hivyo hakuiendesha sana. Baada ya wiki 3, ikiwa imetembea maili 140 tu, injini ilikwama barabarani, kwa kuwa kipande cha gundi ya kiwandani kilikuwa kimeziba njia ya oili. Jaji alikubali kwamba motokaa hiyo haikuwa na ubora wa kuuzika. Lakini alisema wiki 3 zinatosha kulijaribu gari, na kwa hiyo mnunuzi amepoteza haki ya kulirudisha.

Hukumu hiyo ilishangaza wengi, na kwa haki. Ilikuwa ni kumtaka mtu agundue kwa siku 21 kile ambacho kiwanda chenye wahandisi hakikukigundua. Uingereza yenyewe iliona aibu yake: mwaka 2015 ilitunga Sheria ya Haki za Walaji, ambayo yampa mnunuzi siku 30 za kurudisha bidhaa yenye kasoro na kupata fedha zake zote, baada ya hapo mwuzaji hupewa nafasi 1 ya kutengeneza, na akishindwa, mnunuzi aweza kuirudisha au kupunguziwa bei. Lakini maneno ya muda wa kadiri, yale yale yaliyomwangusha mwenye Nissan, yamebaki katika sheria ya Kenya ya mwaka 1931.

Magharibi ya Ziwa Tanganyika hadithi ni nyingine. Wabelgiji walileta sheria zilizotokana na kitabu cha Napoleon cha mwaka 1804, na kwa njia hiyo amri ya masoko ya Roma ilifika Kongo kwa safari yake yenyewe. Amri ya tarehe 30 Julai, 1888, iliyotolewa katika ile iliyoitwa Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, ndiyo iliyoweka kanuni za mikataba, na baadaye zikatumika Rwanda na Burundi. Chini ya kanuni za asili hiyo, mwuzaji hudhamini kasoro zilizofichika, yaani zile ambazo lau mnunuzi angezijua asingenunua, au angetoa bei ndogo zaidi. Mnunuzi huchagua mwenyewe: arudishe kitu apewe fedha, au abaki nacho arudishiwe sehemu ya bei. Na kama mwuzaji alijua kasoro hiyo akanyamaza, hulipa na hasara nyingine zote.

Ukilinganisha, mnunuzi wa Bukavu amepewa na kitabu hicho silaha kali kuliko mwenzake wa Eldoret. Hahitaji kuthibitisha kwamba mwuzaji ni mfanyabiashara. Anatakiwa tu kuonyesha kwamba kasoro ilikuwapo siku ya kununua na kwamba haikuonekana. Huko Ufaransa mahakama zilikwenda mbali zaidi, zikasema mwuzaji wa kazi hiyo huhesabiwa daima kuwa alijua. Hata hivyo kitabu cha Napoleon nacho kilitaka mnunuzi ashtaki katika muda mfupi bila kusema ni mfupi kiasi gani, na Ufaransa ilikaa hivyo mpaka mwaka 2005 ilipoweka miaka 2 tangu kasoro kugunduliwa. Rwanda kwa upande wake ilitunga sheria yake ya mikataba mwaka 2011, na mwaka 2019 ikazifuta kwa pamoja sheria zote za kabla ya uhuru.

Nchi zilizofuata mkondo wa Kiingereza hatimaye nazo zilianza kuamka. Malawi ilipata sheria ya kumlinda mlaji mwaka 2003. Zambia ilifuata mwaka 2010, na sheria yake yakataza hata kutundika dukani lile tangazo linalojulikana kote Afrika Mashariki, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Uganda iliandika upya sheria yake ya uuzaji wa bidhaa mwaka 2017.

Kenya ilikwenda mbali kuliko hao wote, maana iliiweka haki hiyo ndani ya Katiba. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba mlaji ana haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, kupata habari zinazohitajika ili afaidi bidhaa hizo, kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na kulipwa fidia kwa hasara au madhara yatokanayo na kasoro. Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 ikafuata, na ndani yake yamo mambo mawili yanayomhusu moja kwa moja mnunuzi wa motokaa. La kwanza, kifungu chochote cha mkataba kinachojaribu kufuta masharti ya sheria ya uuzaji wa bidhaa ni batili. Miaka zaidi ya 50 baada ya ile Buick ya usiku, mlango ukafungwa. La pili, ni kosa kumwambia mlaji kwamba kitu kimetumika kwa kiasi ambacho si cha kweli, na mlaji aliyedanganywa hivyo aweza kuuvunja mkataba. Kwa maneno mengine, yule fundi anayeirudisha nyuma saa ya kilomita kutoka 180,000 hadi 60,000 amempa mnunuzi sababu ya kudai fedha zake.

Serikali za jirani zimeweka pia vizuizi bandarini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na Uganda mwaka 2018 iliweka kikomo cha miaka 15. Magari hukaguliwa Japani kabla ya kupakiwa, na cheti hutolewa. Vizuizi hivyo vina faida kwa barabara na hewa ya miji, lakini isidhaniwe kwamba cheti cha ukaguzi ni dhamana. Ni makubaliano kati ya mkaguzi na Serikali; chasema kwamba siku fulani breki zilishika na taa ziliwaka. Hakimpi mnunuzi haki ya kumdai mtu yeyote gia zikifa.

Na hapo ndipo penye ugumu ambao sheria zote hizi, za Roma, London na Paris, hazikuutazamia. Zote zilidhani kwamba mwuzaji na mnunuzi wanaonana. Mwalimu wa Nakuru anayenunua gari moja kwa moja kutoka kampuni ya Yokohama hajapata kumwona aliyemwuzia. Japani ina sheria nzuri. Marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili, 2020 yampa mnunuzi haki ya kudai matengenezo, punguzo la bei au kuvunja mkataba, mradi atoe taarifa katika mwaka 1 tangu aijue kasoro. Lakini nani atakayesafiri hadi Yokohama kwa sababu ya klachi?

Kumshtaki mtengenezaji nako ni njia iliyopo. Mwaka 1916, katika shauri la Buick nyingine ambayo gurudumu lake la mbao lilivunjika, Jaji Cardozo wa New York aliamua kwamba kiwanda huwajibika kwa aliyeumia hata kama si yeye aliyenunua kwacho, na mwaka 1932 majaji wa London walifuata mwelekeo huo huo. Kanuni hiyo hutumika Afrika Mashariki. Ila hiyo ni kwa aliyeumia mwili au kuharibiwa mali nyingine. Thamani ya gari lenyewe lililokufa haimo.

Anayenunua kwa mfanyabiashara mwenye uwanja wa magari Mombasa au Nairobi yuko katika hali bora zaidi, kwani mshtakiwa wake yupo na mali yake inaonekana. Kwa huyo, kikwazo kilichokuwa kimebaki ni gharama za mahakama. Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria ya mahakama za madai madogo, na ya kwanza ilifunguliwa Nairobi mwezi Aprili 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na yapaswa kuamua katika siku 60. Magari mengi yanauzwa kwa zaidi ya kiasi hicho, kwa hiyo mwenye kutaka kulirudisha gari zima na kupewa bei yote bado hana budi kwenda mahakama nyingine na kungoja zamu yake. Lakini bei ya injini iliyobadilishwa, pamoja na ujira wa fundi na gharama za kuvutwa kutoka barabarani, mara nyingi huingia ndani ya milioni hiyo, na mdai aweza kusimama mwenyewe bila wakili, akiwa na risiti, tangazo la gazeti na barua ya fundi mkononi.